Mashine ya harusi: shajara ya msimbo 55, kiini cha moto na kitone kilichokaa juu

3 Februari. Chumba nyuzi 31.

Mashine imeshuka kwenye bajaji saa nane mchana, imeviringishwa kwa khanga za dada yangu kama mtoto mchanga. Mpwa wangu anapiga video za harusi hapa Tanga na Pangani, na kilio chake ni kimoja: video ikishakatwa na kupangwa, kompyuta inachukua karibu saa nzima kuitoa, na bibi harusi anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Fedha ya mashine mpya hakuna. Hii ameipata mtumba, akaniambia, "Mjomba, niongezee kasi, lakini isije ikaungua." Hayo ndiyo makubaliano yetu. Kwa sababu ya hilo neno la mwisho nimeamua kuandika kila kitu.

Ndani yake kuna prosesa ya Intel Core i7-2600K ya mwaka 2011 yenye viini vinne (sehemu nne zinazofanya hesabu kwa pamoja), ubao mama wenye chipu ya P67, vijiti vinne vya RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR3 vya GB 4 kila kimoja, kadi ya picha ya wastani, na kipozaji cha mnara chenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Iliyonifurahisha ni ile herufi K. Kasi ya prosesa hizi hupatikana kwa kuzidisha saa ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza mashine, ambayo ni MHz 100, kwa kizidisho. Saa ya msingi haiguswi, kwa sababu katika kizazi hiki imefungamana na njia za diski na vifaa vingine; ukiipandisha kidogo tu, hivyo vingine vinaanza kuweweseka. Kinachobaki ni kizidisho, na K maana yake kizidisho kimeachwa wazi. Kiwandani ni 34, yaani GHz 3.4. Viini vyote vinne vikiwa kazini prosesa hujipandisha yenyewe mpaka 35, na kiini kimoja kikifanya kazi peke yake, mpaka 38.

Kabla ya kugusa chochote nimeipima ilivyo. Nimeiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi na kuibebesha mzigo wa Prime95, programu ya kuichosha prosesa, kwa nusu saa. Viini, kuanzia namba 0 hadi namba 3: nyuzi 58, 60, 57 na 71. Video ya majaribio, sherehe ya mwezi uliopita, imetoka kwa dakika 52.

Hiyo 71 nimeiona. Viini vya prosesa moja kupishana nyuzi tano au saba ni kawaida, maana vihisi vyake havilingani. Kupishana mpaka nyuzi 14 si kawaida. Nimeiandika nikapita, kwa sababu hamu yangu ilikuwa kwenye kasi.

5 Februari. Chumba nyuzi 31.

Nimepandisha kizidisho mpaka 44, volteji ya prosesa nikaiweka volti 1.30. Nimewasha pia kipengele cha BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, kinachoitwa Internal PLL Overvoltage, kinachosaidia prosesa hizi kufika kasi za juu sana. Nilikiwasha kwa kuwa nilikumbuka watu wakikisifu, bila kujiuliza kama kwa 44 ninakihitaji. Nakiandika hapa kwa sababu nahisi nitakirudia.

Imewaka vizuri. Video ileile imetoka kwa dakika 42. Dakika kumi zimeokolewa! Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na saa mkononi, akapiga makofi.

Kisha Prime95: 72, 74, 71 na 88. Nikaizima baada ya dakika sita.

Hesabu yake haina uchawi. Joto ambalo prosesa inalitoa ikiwa kazini hupanda sambamba na kasi, na kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Kutoka GHz 3.5 hadi 4.4, na kutoka volti 1.20 hadi 1.30, ni karibu asilimia 47 zaidi. Viini vitatu vya kwanza vilikuwa takriban nyuzi 27 juu ya joto la chumba. Ongeza asilimia 47, unapata 40, na 31 jumlisha 40 ni 71. Imelingana kabisa. Kiini namba 3 nacho kilianzia nyuzi 40 juu ya chumba, kwa hiyo kikapaa mpaka kwenye 88. Ile hitilafu niliyoipita juzi imekua pamoja na kasi.

Jioni, baada ya swala ya magharibi, nimeiwasha tena. Feni zinazunguka, skrini nyeusi. Kwenye pembe ya chini ya ubao mama kuna kionyeshi chekundu cha tarakimu mbili, ambacho wakati wa kuwaka hutaja hatua ambayo BIOS imefikia. Namba zilipita mbio, zikakwama kwenye 55.

Kitabu cha bodi kinasema 55 ni "RAM haijawekwa". Vijiti vyote vinne viko mahali pake, navigusa kwa vidole.

6 Februari.

Mtu yeyote angeshuku kasi niliyoipandisha, nami nilishuku hivyohivyo. Nimechomoa umeme, nimehamisha jampa ya kufuta mipangilio, na BIOS imerudi hali ya kiwandani. Kizidisho 34, volteji yake mwenyewe. Nikawasha: 55. Nikawasha tena: imewaka, lakini RAM inayoonekana ni GB 8 badala ya 16. Mara ya tatu: 55.

Kwa hiyo kasi imeachiwa huru. Ugonjwa unaobaki hata mashine ikiwa katika mipangilio ya kiwandani haukuletwa na mipangilio yangu. Labda ulikuwepo tangu mashine iko kwenye khanga.

Usiku nimeacha Memtest86+ ikipima vijiti viwiliviwili, katika matundu ya upande uliokuwa unaonekana. Hadi alfajiri, hakuna kosa hata moja katika vijiti vyote.

8 Februari. Chumba nyuzi 32.

Siku iliyopotea. Naiandika kwa urefu kwa sababu kosa lake nataka nilikumbuke.

Nimetoa ubao mama wote kwenye kasha, nikaulaza mezani juu ya boksi la karatasi ngumu, na prosesa yake, kipozaji, RAM, kadi ya picha na pawasaplai pembeni. Huu ndio utaratibu wa mafundi: ondoa kasha, ondoa diski, ondoa kila kisicho lazima. Nikakaa upande wenye mwanga wa dirisha. Nikawasha kwa kugusisha pini mbili za swichi na ncha ya bisibisi.

Namba zikakimbia, zikasimama kwenye 26.

Katika orodha ya misimbo ya BIOS hii, ya kampuni ya AMI, namba za ishirini na kitu ni za hatua za mwanzo kabisa, RAM ikiwa bado haijaandaliwa au ndiyo kwanza inaandaliwa. Nikasema basi, ni RAM tena. Tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri nimebadilisha vijiti, nimebadilisha matundu, nimesafisha meno ya dhahabu ya kila kijiti kwa kifutio cha penseli na spiriti, nimejaribu kijiti kimoja kimoja katika kila tundu. Majaribio kumi na sita. Yote 26.

Mpwa wangu alikuja na chapati na chai ya rangi. "Shikamoo mjomba." Nikaitika marahaba bila kuinua kichwa. Akasimama upande wa pili wa meza, akakitazama kionyeshi kwa muda, kisha akauliza, "Mjomba, hicho kitone mbona kwako kiko juu?"

Kila tarakimu kwenye kionyeshi kama hicho ina kitone chake, chini upande wa kulia. Nilipokaa mimi, kitone kilikuwa juu upande wa kushoto. Nilikuwa nasoma namba kichwa chini miguu juu. Ukiigeuza 92 inakuwa 26, kwa sababu 2 ikipinduliwa hubaki 2, na 9 huwa 6. Msimbo ulikuwa 92 siku nzima: RAM imeshapita salama, BIOS inaanza kukagua njia ya PCI, na imekwama hapo. Kwenye njia hiyo nilikuwa na kitu kimoja tu, kadi ya picha. Bila kasha la kuishikilia ilikuwa imeinama, upande mmoja umenyanyuka kutoka kwenye tundu. Nikaisukuma mpaka ikalia "tki". Mashine ikawaka.

RAM: GB 16. Yote.

Nimempa kijana wangu chapati ya pili.

9 Februari. Chumba nyuzi 31.

Mezani mzima, kashani mgonjwa. Hilo ndilo la kufuatilia.

Kwanza nilitaka njia ya haraka ya kujua kama RAM imepita, bila kungoja skrini. Nimechomoa kadi ya picha kabisa. Chipu ya P67 haitumii picha iliyojengwa ndani ya prosesa, kwa hiyo bila kadi hakuna skrini hata kidogo, na BIOS inapaswa kulalamika kwa msimbo d6: haioni chombo cha kutolea picha. Ikifika kwenye d6, maana yake imeivuka RAM. Msimbo wa hitilafu, ila kwangu leo ni habari njema. Mezani nimewasha mara kumi nikikaa upande sahihi, kitone chini. Mara kumi d6.

Nimerudisha bodi ndani ya kasha, nikafunga skrubu zote, nikalisimamisha. Nimewasha: 55.

Wazo la kwanza lilikuwa vile vigingi vya shaba vinavyoinua bodi kutoka kwenye bati la kasha. Kigingi kimoja kikiwa mahali pasipo na tundu la skrubu, kinaweza kugusa nyaya za chini ya bodi na kuleta shoti. Nimevihesabu: tisa, kila kimoja chini ya tundu lake. Hapo nikafanya jambo ambalo lilinijia bila mpango. Sikufungua kitu, nililaza kasha lote ubavu, bodi ikawa imelala kama mezani, nikawasha. d6. Nikalisimamisha. 55. Nikalilaza. d6.

Vigingi ni vilevile, skrubu ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali uzito unapovutia. Na chenye uzito juu ya bodi hii ni kimoja: mnara wa kipozaji, unaoninginia kwa upande kila kasha linaposimama.

Nilirudisha kadi ya picha nikapima joto mashine ikiwa imelala, katika mipangilio ya kiwandani. Kiini namba 3 kimeshuka kutoka 71 mpaka 66. Sikulala mapema usiku huu kwa furaha ya kuona kwamba ile 71 ya siku ya kwanza na hii 55 huenda ni ndugu.

10 Februari. Chumba nyuzi 31.

Nimeng'oa kipozaji.

Pesti, ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na kipozaji, inasimulia yote. Upande mmoja wa kofia ya prosesa imebaki alama nyembamba, karibu chuma kitupu, jinsi ilivyokandamizwa. Upande wa pili ni nene na imekauka, ina nyufa, na katikati yake kuna sehemu ambayo kipozaji hakikuigusa kabisa. Skrubu mbili za upande mmoja zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho. Za upande wa pili nimezifungua kwa vidole.

Soketi ya prosesa hii ina pini 1155, nyembamba sana, na prosesa imelala juu yake kwa kukandamizwa tu, bila kuchomekwa. Baadhi ya pini hizo ndizo zinazopeleka nyaya za RAM, kwa sababu katika kizazi hiki kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa yenyewe. Kipozaji kikivuta pembe moja, prosesa inanyanyuka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, pini chache zinapoteza mguso, na njia moja ya RAM inapotea: ndiyo ile GB 8. Njia zote mbili zikipotea, BIOS inasema kwa uaminifu wote kwamba hakuna RAM. Na upande ulionyanyuka joto halipati pa kutokea, kwa hiyo kiini kilicho chini yake kinachemka.

Nimeitoa prosesa, nikamulika pini kwa tochi ya simu kutoka pande nne. Safu zote ziko sawa, hakuna iliyopinda. Kwa hilo nimemshukuru Mungu kwa sauti, maana pini ikikatika bodi imekwisha.

Nimesafisha pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa cha pamba mpaka shaba ikang'aa. Nimeweka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi, katikati. Skrubu nimezizungusha kwa msalaba: nusu mzunguko hapa, nusu mzunguko pembe ya mkabala, kurudi, kuendelea, kama fundi wa magari anavyofunga nati za tairi. Kifuniko cha chuma cha prosesa hii kimeunganishwa na kipande cha ndani kwa kulehemu, si kwa pesti kama ilivyokuwa kwa Ivy Bridge iliyofuata mwaka 2012, kwa hiyo ndani sina cha kugusa.

Kasha limesimama. GB 16. Nimewasha na kuzima mara ishirini, hakuna 55.

Joto katika mipangilio ya kiwandani: 57, 59, 57 na 61. Nikarudisha 44 na volti 1.30, pamoja na mipangilio mingine yote kama nilivyoiandika tarehe 5. Prime95 saa nzima: 70, 73, 71 na 75.

13 Februari. Chumba nyuzi 28 alfajiri, 32 mchana.

Sasa ni zamu ya vipimo vyenyewe, kwa sababu Linux inaniletea namba za ajabu na sitaki kumkabidhi kijana mashine yenye namba nisizoweza kuzieleza.

Amri ya sensors inasoma sehemu mbili. Ya kwanza ni vihisi vilivyo ndani ya prosesa, kimoja kwa kila kiini. Ya pili ni chipu ndogo ya Nuvoton NCT6776F iliyo kwenye bodi, inayosimamia feni na vipimajoto vya nje. Huyu wa pili ameniambia SYSTIN (joto la bodi) nyuzi 36, CPUTIN (la prosesa kwa nje) nyuzi 41, na AUXTIN (kihisi cha ziada) nyuzi 127.

Nyuzi 127 ni zaidi ya maji yanayochemka. Nimepapasa bodi nzima kwa kidole, hakuna kinachounguza. Nimeelekeza feni ya mezani ndani ya kasha, nimeibebesha mzigo, nimeipumzisha: 127 haitikisiki. Hicho si kipimo, ni mlango usio na nyumba. Chipu ina sehemu ya kuunganishia kihisi cha tatu, waliotengeneza bodi hawakuunganisha chochote, na namba imekwenda kugota mwisho wa kipimo: 127 ndiyo namba kubwa kuliko zote katika baiti moja yenye alama ya chanya na hasi. Nimeizima isionekane. CPUTIN nayo hupanda polepole sana, dakika kadhaa nyuma ya viini, na haikufika 60 hata viini vilipokuwa 73. Siitegemei kwa ulinzi.

La kunifikirisha zaidi lilikuwa alfajiri. Chumba nyuzi 28, mashine imekaa bila kazi, kiini namba 1 kinasoma 26 na kimeganda hapo nusu saa. Prosesa inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipoza. Ila kihisi hiki hakipimi joto kama kipimajoto cha hospitali. Kinachotoa ni umbali: zimebaki nyuzi ngapi kabla ya kufika kikomo, ambacho kwa i7-2600K ni 98. Programu ndiyo inayofanya hesabu, 98 toa umbali. Kazi ya kihisi ni kuilinda prosesa, ijipunguze kasi inapofika 98, kwa hiyo usahihi wake uko karibu na kikomo. Kule chini kinapotoka na wakati mwingine kinakwama. Tangu leo nimeacha kuandika joto la mashine ikiwa imepumzika. Naandika la mzigo tu.

Hapo hapo fumbo jingine limefunguka. Programu ya zamani anayoitumia mpwa wangu kwenye Windows huonyesha nyuzi mbili zaidi ya Linux, daima mbili, kwa kila kiini. Nimefungua mipangilio yake: imeandikiwa kikomo cha 100. Nimeandika 98, zikalingana.

Mchana alikuja kuifanyia kazi kwa majaribio, mimi nikiwa sokoni. Simu ikalia. "Mjomba, imerudi! Imerudi 55!"

"Picha ipo kwenye skrini?"

"Ipo. Nakata video hapa."

"Basi RAM ipo, mwanangu. Mashine isiyo na RAM haiwezi kukuonyesha picha. Hiyo 55 ni joto."

Sikuwa nimemwambia. Bodi hii ikimaliza kuwaka huonyesha AA kwa muda mfupi, kisha kionyeshi kinageuka kipimajoto cha prosesa. Tarakimu zilezile mbili, rangi ileile nyekundu, lugha mbili tofauti. Kabla ya AA ni msimbo. Baada ya AA ni nyuzi. Nimelaumu usahaulifu wangu kwa hofu niliyomtia.

16 Februari.

Umeme ulikatika saa tano usiku, ukarudi alfajiri. Mashine imewaka ikiwa na kizidisho 34 na tarehe ya miaka mingi nyuma. Betri ya bodi, CR2032, ilipaswa kuwa volti 3. Mita imesoma 2.5. Betri mpya imenunuliwa Ngamiani, mipangilio imeandikwa upya, na safari hii nimeihifadhi pia ndani ya BIOS kwa jina.

19 Februari. Chumba nyuzi 32.

Mpwa wangu amelalamika kwamba akiiacha mashine ilale wakati anakwenda kula, haiamki. Nimejaribu. Imelala vizuri. Nikabonyeza kibodi: feni zikaanza, skrini ikabaki nyeusi, kionyeshi kikasoma 30.

Je, ni nyuzi 30 au ni msimbo 30? Wiki iliyopita ningejibu haraka kwamba chumba ni 32, kwa hiyo haiwezi kuwa joto. Lakini kwa niliyoyaona tarehe 13, kihisi kilichopotoka kule chini kingeweza kusoma 30. Nikangoja dakika kumi huku feni ya kipozaji nimeisimamisha kwa kuchomoa waya wake. Prosesa isiyopozwa lazima ipande. Namba haikusogea hata moja. Ni msimbo. Kwa AMI, 30 ni mashine inayoamka kutoka usingizi wa S3, ule ambao RAM hubaki na umeme huku karibu vingine vyote vikizimwa. Imeamshwa, imekwama mlangoni.

Nikafungua shajara hii, nikaenda tarehe 5. Internal PLL Overvoltage. Kipengele hiki kinajulikana kwa jambo hilohilo katika prosesa za kizazi hiki: kinasaidia juu sana, na kinavuruga kuamka kutoka usingizini. Nimekizima. Prime95 saa mbili katika 44: salama. Nimeilaza na kuiamsha mara kumi na tano, zote imeamka. 30 inapita kwa kufumba na kufumbua, kisha picha, kisha nyuzi.

22 Februari. Chumba nyuzi 33.

Nimejaribu 45, kwa sababu ningebaki nikijiuliza.

Kwa volti 1.32 imefanya kazi robo saa, kisha kumbukumbu za Linux zikaanza kuandika makosa ya prosesa, yale ambayo inajirekebishia yenyewe. Mashine haikuzimika na asiyesoma kumbukumbu hizo angesema iko imara. Kwangu kosa lililorekebishwa ni kosa; volteji haitoshi. Nimefika volti 1.36 ndipo zikatulia. Viini: 79, 82, 80 na 83.

Kasi imepanda kwa asilimia 2, joto linalotolewa limepanda kwa asilimia 12. Video imetoka kwa dakika 41. Kwa dakika moja, katika chumba cha Tanga wakati wa kaskazi, na vumbi litakalojaa kwenye mapezi ya kipozaji kabla ya Pasaka, sikubali. Nimerudi 44 na volti 1.30.

Nilijaribu pia kushusha: kwa 1.28 makosa yalitokea mawili katika saa nne. Kwa hiyo 1.30 imebaki.

26 Februari.

Ameichukua leo saa kumi jioni. Kesho kuna harusi Pangani na keshokutwa ya pili yake hapa mjini. Kabla hajaifunga nimebandika karatasi ndani ya ubavu wa kasha, kwa mwandiko mkubwa: kitone kiwe chini kulia, kabla ya AA ni msimbo, baada ya AA ni nyuzi, ikizidi 85 simamisha kazi unipigie, mapezi yapulizwe vumbi kila mwezi, mashine isafirishwe imelala, mnara ukiangalia juu. Hilo la mwisho nimemwonyesha kwa mikono, tukaibeba pamoja mpaka kwenye bajaji, na khanga zilezile chini yake kama godoro.

28 Februari, saa nne usiku.

Ujumbe kutoka kwake, na picha ya kionyeshi: "66, mjomba. Kitone chini kulia. Naendelea."